Namba ya Ukingoni: Tunamuaga Nei Mwaerere Tebakaro

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Septemba, Nei Mwaerere Tebakaro atazima kompyuta za Kituo cha Mafunzo cha Maneaba ya Mwezi kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kwa mujibu wa taratibu, amefikisha umri. Kwa mujibu wa sisi tuliofanya naye kazi, taratibu zimekosea, lakini hatukuulizwa.

Waandaaji wameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nilikuwa mkuu wa kwanza wa kituo na, nadhani, kwa kuwa walihofu wakichelewa hawatanikuta. Wana haki ya kuhofu. Naandika nikiwa nimeegemea mto, kwa kidole kimoja, kwenye kompyuta ambayo yeye mwenyewe aliiwekea herufi kubwa ili macho yangu yasisumbuke. Walisema kurasa mbili. Nitazidisha kidogo, maana ndani ya miaka hiyo kuna jambo moja ambalo halijawahi kusemwa maneabani, chini ya paa la mikutano ya koo zetu, na waliolijua tumebaki wawili. Mmoja ni yeye, na yeye hatalisema kamwe.

Lakini nianze mwanzo, kama inavyopasa.

Bibi huyu, Nei Mwaerere, alizaliwa kisiwa cha Nonouti, akasomea uchapaji makao makuu Tarawa, akashuka hapa Onotoa akiwa na taipureta moja na sanduku la nguo. Alitumwa kwa miezi sita awafundishe makarani wa baraza kuchapa barua zisizo na madoa. Kompyuta ya kwanza ilishushwa kutoka melini kabla miezi hiyo haijaisha, imeviringishwa kwenye mkeka wa mkadi kama mgonjwa. Hakuna aliyejua inavyowashwa. Yeye pia hakujua, na hakuona haya kusema hivyo. Alikaa na kitabu cha maelekezo mchana kutwa, akasoma kila ukurasa, hata ule ulioonya kwamba mashine isiwekwe karibu na bahari. Hapo alicheka, akatuuliza kama kuna yeyote anayejua mahali popote Onotoa pasipo karibu na bahari. Kesho yake kompyuta ikawaka. Tangu siku hiyo suala la kurudi Tarawa halikuzungumzwa tena.

Wale wa siku zile mnakumbuka mijusi. Walipenda joto la mashine kuliko sisi tulivyoipenda mashine yenyewe. Kila likizo Nei Mwaerere alifungua makasha yote, akawatoa mijusi, wazima na waliokauka, akasugua kutu ya chumvi kwa mswaki, akafunga. Mkaguzi mmoja alimkuta katika kazi hiyo, akauliza ni programu gani anayotumia kuzuia virusi. Alimwonyesha mswaki.

Alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine, na mimi nimekuwa mwalimu tangu ujana wangu. Kina mama wasukaji wa mikeka walikuja darasani wakidai vidole vyao ni vya ukindu, si vya vitufe. Mmoja alisukuma kipanya mpaka ukingoni mwa meza, akasimama hapo, akaomba meza iongezwe kipande. Nei Mwaerere hakucheka. Alimwambia hata msukaji mkeka unapomwishia mkononi huunyanyua akaurudisha karibu, afanye hivyo hivyo. Mama yule alinyanyua kipanya, akakirudisha katikati, akaendelea. Ndiye aliyekuja kuwa karani wa zahanati, na mpaka leo orodha yake ya chanjo haina pengo.

Namna yake ya kufundisha lahajedwali tumeiiga wote. Hakuanza na fomula. Alianza na maneaba. Mnajua jinsi tunavyokaa pale: kila ukoo na nafasi yake kwenye mkeka, safu kwa safu, tangu enzi za mababu, na mtu hahitaji kuambiwa aketi wapi. Alichora paa la maneaba ubaoni, akagawa sakafu kwa mistari, akasema kila kisanduku cha lahajedwali ni nafasi ya namna hiyo. Ukitaja safu na mstari umekwisha kumtaja aliyekaa. Fomula, alisema, ni mtu anayeulizia walipo wenzake. Akihama, anaulizia wa jirani wa huko alikohamia. Ukitaka aendelee kumuulizia yule yule wa mwanzo, basi unamfunga yule kama nguzo kwa alama ya dola, mbele ya herufi na mbele ya namba. Mzee mmoja alitaka kujua dola hizo nani anazilipa. Na mwanafunzi alipoandika fomula inayojijumlisha yenyewe, mashine ikagoma, alimweleza kwamba amemtuma mtu akaulize habari zake mwenyewe kwake mwenyewe, atazunguka mpaka jua lizame.

Ni kwa lahajedwali hiyo ambapo, mwaka wa ukame mkubwa, maji ya matangi ya kanisa na ya shule yaligawiwa kaya kwa kaya bila ugomvi. Watu walikuja kutazama jina lao kwenye kioo, wakaona fomula ya kaya yao ni ile ile ya kaya ya jirani, wakachukua ndoo zao wakaenda. Nimeishi Onotoa miaka mingi. Kugawa maji wakati wa ukame bila mtu kuinua sauti ni jambo kubwa.

Sasa nifike kwenye dishi.

Miaka ishirini iliyopita kisiwa chetu kilipewa dishi la setilaiti kwa majaribio. Mafundi walilisimika, wakafunga ruta kwenye nguzo ya maneaba, maana wazee walikataa kitu kama hicho kifichwe chumbani. Wakatandaza waya kwa kompyuta sita, kila ukoo na yake, wakaifunga ruta kwa neno lao la siri, kisha wakaondoka na meli kwenda visiwa vya kusini zaidi. Wangerudi baada ya wiki mbili. Wakikuta mtandao umetulia, dishi lingebaki. Wakikuta unakatika, wangeling'oa walipeleke kisiwa kingine, na visiwa vilivyokuwa vikisubiri havikuwa vichache. Nei Mwaerere aliachiwa kazi ya kuunganisha zile kompyuta na kuwafundisha watu.

Aliyelitaka dishi lile kuliko wote alikuwa Ten Tongabiri, mkuu wa ukoo unaozungumza kwanza katika maneaba yetu. Mwanawe, Moannata, alikuwa baharia kwenye meli za mizigo za ng'ambo kama vijana wetu wengi. Habari ya mwisho iliyofika kwa redio ya baraza ilisema kijana ameumia na ameshushwa hospitalini katika bandari fulani. Bandari gani, ameumia wapi, redio haikusema. Tangu hapo ukimya. Mzee hakulia wala hakulalamika. Alikuja darasani, akakaa mbele, akajifunza kila kitu. Katika wanafunzi wote wa Nei Mwaerere, hakuna aliyekuwa hodari kama yeye.

Hapo ndipo ualimu mzuri ulipotuponza. Ili kueleza anwani za mtandao, Nei Mwaerere alirudia mfano wake wa siku zote: kila kompyuta ina namba yake, kama ukoo ulivyo na nafasi yake maneabani, wawili hawakai nafasi moja, ujumbe unaomtafuta mtu lazima ujue amekaa wapi. Kufikia chakula cha mchana wote walikuwa wameelewa. Kufikia alasiri wazee walikuwa wameelewa zaidi ya alivyokusudia. Walikutana, wakasema: kama ndivyo, basi namba zifuate utaratibu wa koo. Mafundi walikuwa wameagiza kompyuta zianzie namba kumi. Wazee waliuliza ni kina nani hao waliokaa mbele ya kumi, na kwa ruhusa ya nani. Ten Tongabiri hakusubiri jibu. Alifungua mipangilio ya mashine yake, kama alivyofundishwa, akafuta kumi, akaandika moja.

Namba moja ilikuwa ya ruta.

Kwa wale ambao hamkupita darasani, nieleze kwa kifupi. Ruta ndiyo mlango. Maneno yote yanayotoka kwenda nje ya kisiwa hupitia kwayo. Kompyuta ya Ten Tongabiri ilipowaka ikidai nayo ni namba moja, kompyuta nyingine zilichanganyikiwa, zikampelekea mzee barua zilizokuwa za kwenda Tarawa, naye hakuwa na pa kuzipeleka. Mtandao ulikufa. Mzee alipozima mashine akaenda kulala baada ya chakula, mtandao ulifufuka. Alipoamka, ukafa.

Kijiji kizima kiliujua ugonjwa kabla ya siku ya tatu, na dawa yake pia. Sijawahi kuona mzee akitunzwa vile. Asubuhi magimbi ya shimoni kwa nazi, adhuhuri samaki wa kuchoma na shelisheli, na asali ya mnazi juu yake, ilimradi kope zimlemee. Kina mama walimsifia mkeka wake mpya, wakamuuliza kama ameshaujaribu kwa kulalia. Akilala, watu walikimbilia maneabani kama wamesikia baragumu, wakaandikia ndugu zao Tarawa na Majuro na Auckland. Akikohoa tu, walitawanyika. Yeye mwenyewe ndiye pekee aliyekaa mbele ya kioo asubuhi na jioni akingoja habari za mwanawe, na ndiye pekee ambaye zisingeweza kumfikia.

Msiulize kwa nini hakuna aliyemwambia. Ninyi ni watu wa hapa. Kumwambia mtu aondoke kwenye nafasi ya ukoo wake maneabani ni afadhali umwambie abomoe nyumba yake. Na wazee wengine walishikilia kwamba kosa si la Tongabiri: ukoo wake ulikuwa namba moja kabla ruta haijazaliwa, na ikiwa wawili wamekutana nafasi moja, mgeni ndiye anayesogea. Jambo hilo lilikuwa sahihi kwa sheria zetu zote. Tatizo ni kwamba ruta ilikuwa imefungwa, na waliokuwa na neno la siri walikuwa baharini.

Mnachokijua nyote ni jinsi lilivyoisha. Siku moja kabla ya meli kurudi, Nei Mwaerere alisimama pembeni mwa maneaba, akaomba ruhusa, akawatangazia wazee kwamba mashine imesikia na imehama. Imekwenda kukaa namba ya mwisho, ukingoni, karibu na mlango, kama inavyomstahili mtumishi wa kupokea na kupeleka. Wazee wakapiga makofi mara tatu kwa pamoja, na jambo likafungwa. Meli ikaja, mafundi wakaona taa zote za kijani, wakatupa mkono, wakaondoka. Dishi likabaki. Hadithi ya ruta iliyotiishwa imesimuliwa hapa mpaka watoto wanaicheza.

Ila pamoja na mafundi alikuja mkaguzi wa mradi. Alialikwa maneabani, akasikia hotuba ya shukrani jinsi mashine ilivyohamishwa, na akaandika alichosikia: mkufunzi amevunja kufuli ya kifaa na kubadilisha mipangilio kinyume cha maagizo. Hakwenda kuitazama ruta yenyewe. Wazee wakishafunga jambo, mgeni mwenye adabu halifungui, na alikuwa mtu wa adabu. Mstari ule uliingia kwenye faili la Nei Mwaerere na haukutoka. Miaka miwili baadaye ilipotafutwa nafasi ya mkuu wa wakufunzi wa visiwa vyote, jina lake lilikuwa la kwanza, na alikuwa akiitaka kazi hiyo. Najua, kwa sababu nilimsaidia kuandika maombi. Kwenye usaili walimuuliza habari ya kufuli. Alijibu kwamba hana la kuongeza. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Kwa muda, wenzake wa Tarawa walikuwa wakimtania kwenye simu, wakimwita Bibi Mvunja Kufuli, naye akicheka pamoja nao.

Nei Mwaerere hakuvunja kufuli yoyote. Ruta haikuhama.

Nilikuwapo. Alasiri ya siku ile alinijia kituoni, akaniomba nimsindikize kwa Ten Tongabiri, maana si vyema mwanamke mgeni kwenda peke yake kumsemesha mzee. Tulimkuta chini ya banda lake, akinoa kisu cha kugemea. Nilitarajia Nei Mwaerere amweleze habari za anwani na milango. Hakusema lolote la hayo. Alimuuliza siku Moannata alipoondoka, yeye mzee alikuwa amekaa wapi.

Mzee aliuliza ni swali gani hilo. Kulikuwa na maombi ya kumuaga, naye alikuwa kwenye nafasi yake, katikati, mbele, kama siku zote. Nei Mwaerere akamuuliza tena, ni nani aliyeiona mashua ya kijana mpaka mwisho, ilipovuka mwamba. Kisu kikasimama. Mnajua paa la maneaba linavyoshuka chini. Aliyekaa katikati haoni bahari. Wanaoiona ni wale wa ukingoni.

"Kwa hiyo umekuja kunihamisha, binti," akasema.

"Mimi ni mgeni kwenu, baba. Sina ubavu huo. Nimekuja kuuliza tu, maana kesho meli iko hapa na dishi linaondoka."

"Ihame hiyo mashine. Haina babu, haina bibi."

"Ningekuwa na neno lake la siri ningeihamisha juzi. Wenye nalo wako kwenye meli."

"Kumbe ina wenyewe kuliko mimi," mzee akasema, akacheka kidogo, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile habari ya redio. Akanoa tena kidogo. Kisha akauliza namba ya mwisho ni ipi.

"Mia mbili hamsini na nne. Ndiyo ya ukingoni kabisa."

"Na mia mbili hamsini na tano?"

"Hiyo si ya mtu, baba. Ni ya kuwaita wote kwa pamoja."

"Ya baragumu."

"Ndiyo. Ya baragumu."

Akapima makali ya kisu kwa kidole gumba. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea, kwamba anayekaa ukingoni ndiye humwona kwanza anayekuja. Akafuta kisu. "Nipe hiyo ya ukingoni. Lakini maneabani isisikike kwamba Tongabiri kahama nafasi ya baba yake. Waambie mashine ndiyo iliyohama. Si mpaka nife tu; mpaka mtu wa ukoo wangu atakayekaa pale baada yangu aseme mwenyewe."

Nei Mwaerere aliitikia bila kusita. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, muda wote huu ulikuwa umelala."

"Fofofo," nikajibu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tulikwenda naye maneabani watu wakiwa kwenye mashimo ya magimbi, na mzee mwenyewe, kwa mkono wake, alifuta moja akaandika mia mbili hamsini na nne. Hakuna kifaa kilichoguswa ila chake. Kabla ya wiki kuisha ujumbe ulimfikia, kutoka nyumba moja ya mabaharia ng'ambo: mguu ulivunjika, umeunga, anatembea, mama asilie. Aliusoma peke yake, midomo ikicheza, kisha akausoma kwa sauti ili mkewe asikie kutoka kwenye mkeka wao. Halafu akaandika jibu. Lilikuwa fupi, na hakumwonyesha mtu.

Nilitaja kwamba Nei Mwaerere ana subira. Miaka mitano baadaye ruta ile ililiwa na chumvi ikafa, tukaletewa mpya, na safari hii neno la siri lilikuwa mkononi mwake. Jambo la kwanza alilofanya ni kuipa ruta mpya namba mia mbili hamsini na nne, na kumrudishia Ten Tongabiri namba moja. Moannata alikuwa ameshawahi kurudi kwa likizo mara mbili, kwa hiyo mzee hakuwa na haja tena ya ukingoni. Aliipokea namba yake. Kwa hiyo wanafunzi wake wote wa miaka hii waliofundishwa kuitafuta ruta wameikuta mlangoni, pale pale hadithi inaposema, na hakuna aliyepata sababu ya kuuliza. Uongo ule aliusubiri mpaka akaugeuza kuwa kweli. Faili lake ndilo pekee ambalo hakuligeuza.

Ten Tongabiri alituacha zamani. Anayekaa nafasi yake sasa ni Moannata, aliyestaafu bahari, anachechemea kidogo mvua ikikaribia. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilimwita, maana jambo ni la nafasi yake, na pasipo neno lake ningekwenda nalo huko niendako. Alikaa kwenye mkeka karibu na kitanda changu. Nilimsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi. Nilitegemea aone uchungu, pengine aniambie niache.

Hakuona uchungu. Aliniomba nirudie mahali mzee aliposema habari za ukingoni. Nikarudia. Ndipo akanieleza lile jibu fupi ambalo baba yake aliandika siku ile. Lilikuwa na sentensi moja tu: niko ukingoni, natazama. Aliposoma, alidhani wazee wamemwondoa baba yake kwenye nafasi ya ukoo, au baba ameanza kuchanganyikiwa. Akaliweka moyoni, na aliporudi akamkuta baba amekaa pale pale katikati, mbele, hakuthubutu kuuliza. Mtu haulizi baba yake habari za nafasi yake. Ameishi na sentensi hiyo miaka ishirini.

"Kumbe alikuwa ananitazamia mimi," akasema. Akajipangusa uso kwa kiganja, akarudi kwenye sauti yake ya kibaharia. "Iseme, mzee. Isomwe maneabani, mimi nikiwepo. Na yule mama wa mijusi asipewe nafasi ya kukimbia."

Kwa hiyo, mnaponisikiliza nikisomwa Ijumaa, angalieni kulia kwenu, chini ya ukingo wa paa, upande wa mwamba. Moannata atakuwa amekaa pale. Aliwaomba wazee wenyewe, ukoo kwa ukoo, na hakuna aliyekataa. Na kwenye mkeka wa ukoo wake, katikati, mbele, mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kukaa tangu maneaba hii iinuliwe, atakaa Nei Mwaerere Tebakaro wa Nonouti, kwa mwaliko wa mwenye nafasi. Najua atataka kusimama. Asiachwe asimame. Barua ya kuomba mstari wa faili ufutwe imeshapelekwa, nami nimeitia sahihi; ufutwe au usifutwe, maneaba imesikia, na hilo ndilo faili letu.

Nei Mwaerere, ulikuja kwa miezi sita. Umetufundisha kuwasha, kuunganisha, kujumlisha, kufunga nguzo pale inapohitajika na kuacha vingine vihame. Umetuachia wakufunzi wanne uliowalea mwenyewe, na kila mmoja ana mswaki wake. Asante kwa kazi, na asante kwa kimya chako. Mimi sitafika maneabani, miguu imegoma. Lakini wameniletea kitandani simu ya kuwaona, na Moannata amenipangia namba ya mtandao jana jioni. Nilimwambia anipe ya ukingoni. Akanijibu kwamba ina ruta, nichague nyingine. Basi nimekaa mia mbili hamsini na tatu, jirani na mlango, na nitakuona vizuri ukitoka.

Toka polepole. Nyumbani kwako kuwe na maji, samaki na watu wa kucheka nao. Uwe na afya, uwe na amani, uneemeke. Maisha yako yajayo yawe mema kama ulivyokuwa kwetu.